Jinsi ya kuyasoma magofu ya Yukhari Askipara kabla ya kuyakaribia

Anza na majina ya vijiji hivi vya mpaka wa Armenia na Azabajani, kwa kuwa ndiyo yanayowapoteza wengi. Kiazabajani kinatofautisha Yukhari Askipara, yaani ya juu, na Ashagi Askipara, yaani ya chini; kwa Kiarmenia vijiji hivyo huitwa Verin Voskepar na Nerkin Voskepar, na kijiji cha Voskepar chenyewe, ambacho bado kina wakazi, ni cha tatu. Ya juu ni kipande cha wilaya ya Qazax ya Azabajani kilichozungukwa pande zote na mkoa wa Tavush wa Armenia. Ya chini haikuzungukwa hivyo, bali inapakana na ardhi ya Azabajani. Ukichanganya majina haya mawili, kila utakachosoma baadaye kitakupotosha.

Hatua ya pili ni kutafuta ramani ya kijeshi ya Kisovieti, kwani mipaka ya jamhuri ilichorwa humo, kisha kuiweka kando ya picha ya setilaiti ya miaka ya karibuni. Kwenye ramani utaona kijiji chenye nyumba na njia zake. Kwenye picha utaona kuta za mawe zisizo na mapaa, huku miti ikiota ndani ya vyumba. Tazama picha za majira ya baridi ikiwezekana, maana majani ya kiangazi huficha misingi ya nyumba kiasi kwamba mtu anaweza kudhani hapakuwa na kitu.

Usiuchukue mstari wa ramani kuwa ndio mamlaka iliyopo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikosi vya Armenia vilikitwaa kijiji cha Yukhari Askipara, na wakazi wake Waazabajani hawakubaki. Tangu hapo kimo mikononi mwa Armenia ingawa ramani inakihesabu kuwa cha Azabajani. Kwa upande wa pili, Artsvashen, kipande cha Armenia kilichozungukwa na Azabajani, kilitwaliwa na Azabajani mwaka 1992. Anayetaja kimoja na kukinyamazia kingine tayari amechagua upande, na ni vyema msomaji alitambue hilo mapema.

Kisha angalia tarehe ya kila habari. Mnamo Aprili 2024 tume za mipaka za nchi hizo mbili zilikubaliana kuhusu vijiji vinne, vikiwemo Ashagi Askipara na Baghanis Ayrum, na mwezi uliofuata Azabajani ikavichukua. Makubaliano hayo yalijengwa juu ya Azimio la Alma-Ata la 1991, ambamo jamhuri za zamani za Kisovieti zilitambuana mipaka. Vipande vilivyozungukwa, pamoja na Yukhari Askipara, havikuwamo. Viliachwa vijadiliwe baadaye. Habari inayodai kwamba “Askipara imerudishwa” bila kueleza ni ipi haifai kutegemewa.

Ukifika Voskepar, waulize wenyeji na walinzi wa mpaka kabla ya kuiacha barabara kuu, wala usifuate njia ya ng’ombe kwa kudhani kwamba palipopita mifugo ni salama, kwa kuwa mabomu ya ardhini ni hatari halisi katika mpaka huu. Kamera ya kuvuta mbali itakutosha. Chini ya kila picha andika tarehe, mahali uliposimama na majina yote mawili ya kijiji.