Kupima Kazi ya Mchukuzi kwa Video na Mapigo ya Moyo

Tuchukue kazi ya kupakua magunia ya kilo 50 kutoka kwenye lori. Video huonyesha mgongo uliopinda lakini haisemi mwili umeelemewa kiasi gani. Mapigo ya moyo husema umeelemewa lakini hayaonyeshi na nini. Kwa hiyo tunavitumia vyote viwili pamoja.

Hatua ya 1: Omba ridhaa. Mhakikishie mchukuzi, kwa maandishi, kwamba picha hazitatumiwa na msimamizi kumhukumu, la sivyo atajitutumua mbele ya kamera na vipimo havitakuwa na maana.

Hatua ya 2: Mfunge mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, uliolowanishwa kidogo, akae kivulini hadi mapigo yatulie, kisha uandike kiwango hicho cha pumziko.

Hatua ya 3: Simamisha kamera ubavuni mwake, kwenye kimo cha kiuno. Ukipiga kwa mshazari, pembe ya mgongo huonekana ndogo kuliko ilivyo.

Hatua ya 4: Rekodi kwa kamera uso wa saa ya kifaa cha mapigo, sekunde zikionekana, mwanzoni na tena mwishoni, kwa kuwa saa mbili haziendi sawa muda wote.

Hatua ya 5: Linganisha. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu moyo huchelewa kuifuata kazi: kilele cha mapigo huweza kuja wakati mtu ameshatua gunia na kurudi mikono mitupu. Basi usitafute kilele. Tafuta mahali mstari wa mapigo unapoanza kupanda, kisha utazame video ya muda uliotangulia. Mkao wenyewe upime kwa jedwali la REBA (njia ya kuupa mkao wa mwili alama; alama kubwa ni mkao mbaya zaidi) la Hignett na McAtamney la mwaka 2000, ambamo kiwiliwili kilichoinama zaidi ya nyuzi 60 hupewa alama 4, na kikijisokota huongezwa 1.

Hatua ya 6: Kokotoa mzigo wa moyo. Mtu wa miaka 30 hukadiriwa kuwa na kilele cha mapigo 190 kwa dakika (220 kutoa umri). Akiwa na 65 pumzikoni na wastani wa 115 kazini, ametumia 50 kati ya 125 (190 kutoa 65), yaani asilimia 40, ilhali kwa zamu ya saa nane wataalamu wengi huweka kikomo karibu na theluthi moja. Joto nalo hupandisha mapigo bila gunia lolote kuinuliwa; kwa hiyo ukishabadilisha kimo cha kuchukulia mzigo ili kupunguza kuinama, na ukitaka kujua kama imesaidia, mpime mtu yuleyule, saa ileile, hali ya hewa ikiwa inakaribiana na ya awali.