Kabla ya kupanda viazi vitamu, pasua marando kwanza

Mvua za Novemba zikikaribia huku Tabora, wengi wetu huwaza matuta. Mimi naomba uanze na marando, yale mashina tunayoyapanda kama mbegu, maana adui ninayemsema huletwa shambani na mkulima mwenyewe, akiwa ndani ya mbegu.

Ni kiwavi wa nondo ambaye wataalamu humwita Synanthedon dasysceles. Mabawa ya nondo huyu ni maangavu, karibu uone upande wa pili. Usimchanganye na nondo-manyoya, yule mwembamba ambaye akitua hufanana na herufi T. Jike hutaga mayai kwa mafungu ya 70 hadi 100 juu ya marando na vikonyo vya majani. Viwavi wakianguliwa hutoboa shina na kulia humo humo, wengine hushuka hadi kwenye kiazi. Dawa ya kupuliza haiwafikii kirahisi.

Basi nenda kwenye shamba la kukatia mbegu ukiwa na kisu. Usidanganywe na majani ya kijani. Inama utazame shina pale linapogusana na udongo: likiwa limevimba, lipasue. Ukikuta njia zilizochimbwa na kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia, usikate mbegu hapo. Ukiona ganda jepesi kama karatasi limechomoza shinani, ujue nondo ameshatoka na anataga kwingine. Hata marando ya jirani aliyeyatunza bondeni kiangazi chote, mwombe akuruhusu kupasua mashina mawili matatu. Si kumdharau, naye atajua hali ya shamba lake.

Penye afya, kata ncha changa za sentimita 30 hivi, uache sehemu kuukuu ya chini.

Shamba jipya liwe mbali na la mwaka jana, na maotea yote, yaani viazi vilivyojiotea vyenyewe, yang'olewe. Matuta yawe makubwa, ubaki na udongo wa kupandishia kwenye mashina baadaye. Hilo hupunguza hasara ya kiwavi huyu, na kwa kuziba nyufa humzuia pia fukusi, mdudu mwingine anayetoboa viazi.

Panga mapema na siku ya kuvuna. Viazi vikikomaa vikaushwe viwe michembe (vibichi) na matobolwa (vilivyochemshwa), visikae ardhini vikisubiri wanunuzi. Mashina yenye matundu yachomwe siku hiyo hiyo, yasirundikwe pembeni mwa shamba.