Unaenda kupiga CT ya moyo? Fanya hivi picha isitoke na ukungu

CT ni mashine ya eksirei inayokuzunguka na kupiga picha za ndani ya mwili, na mi ndo yule anayekaa nyuma ya kioo na kukwambia kwenye spika "vuta pumzi, shika hapo hapo". Watu wakisikia picha imeharibika wanalaumu mashine, kumbe mara nyingi ni moyo ulikuwa unakimbia.

Ujue CT ya kwanza ya binadamu, London mwaka 1971, ilikuwa ya kichwa. Kichwa ukikiambia kitulie kinatulia, moyo je?

Mashine inazunguka kifua chako, na ili itengeneze picha moja inahitaji kama nusu mzunguko hivi, kwa hiyo ikizunguka kwa sekunde 0.3 inataka milisekunde 150 (yaani sekunde 0.15) za moyo uliotulia. Na moyo unatulia kweli, kidogo tu, ukishakamua damu kabla haujakamua tena. Chukulia daladala pale Buguruni, abiria unawahesabu likiwa limesimama. Mapigo 60 kwa dakika ni konda anayesubiri lijae, pigo moja sekunde nzima, unahesabu mpaka waliokaa kwenye injini. Mapigo 90 ni konda kaona trafiki, anagonga bodi twende twende, pigo zima sekunde 0.67 na muda unaoliwa zaidi ni ule wa kusimama. Zile waya tunazokubandika kifuani ndo zinaiambia mashine "limesimama, piga sasa".

Kwa hiyo kazi yako ni kurefusha kituo. Tunapenda mapigo yawe chini ya 65, ukinipa 60 kushuka chini nakushukuru.

Anza jana yake. Kahawa, chai ya rangi, soda za cola na hizi energy vijana wanakunywa kama maji, acha masaa 12 kabla, sigara pia. Dawa zako za presha usiache kichwa kichwa, muulize daktari. Halafu wahi. Kuna mzee mmoja nilipokuwa hospitali nyingine, alikwama foleni akapanda boda, kufika lifti mbovu akapanda ngazi, anafika kwangu jasho linamtoka mapigo 94, na nje watu wanagombana nani anafuata, basi tukampiga hivyo hivyo (kosa letu, sio lake). Mshipa wa kulia wa moyo, ambao ndo unayumba kuliko wenzake, ukatoka umejigawa kama mistari miwili, katikati umefifia utadhani umeziba, daktari akaangalia weee akasema hapa siwezi kusema umeziba wala haujaziba. Na hapo ndo mtu anaweza kwenda kupitishwa waya ndani ya mishipa bila sababu. Wiki iliyofuata akarudi, akakaa saa nzima anapiga stori, kapewa kidonge, 58. Mshipa ule ule ukatoka mweupe, mstari mmoja safi.

Hicho kidonge ni cha kupunguza mapigo, mara nyingi metoprololi, unapewa kama saa moja kabla. Kama una pumu au ulishaambiwa moyo wako unapiga taratibu sana SEMA, maana sio cha kila mtu. Kuna na dawa nyingine ya chini ya ulimi ya kutanua mishipa, hiyo haikutani na dawa za nguvu za kiume, presha inaweza kushuka vibaya sana. Nikiuliza mbele ya mke wote wanakataa, mama akitoka nje kidogo tunaanza kuelewana. Na kama mapigo yako hayana mpangilio, leo yanaruka kesho yanakimbia, tuambie mapema tujue tunakupigaje. Mambo ya figo na aleji utaulizwa pia, jibu ukweli.

Pumzi ifanyie mazoezi nyumbani. Vuta ya kawaida, usijaze kifua mpaka macho yatoke, usijikaze, shika sekunde 10 hadi 15. Kujikaza kunachezesha mapigo, na ukipumua katikati picha inaachana kama ukuta wa fundi aliyepanga tofali bila kamba, mshipa unakatika huku unaendelea kule.

Kitu cha mwisho kinachoshtua watu ni ile dawa ya kontrasti, ya kufanya mishipa ionekane kwenye picha, inayopita kwenye mkono kwa kasi. Utasikia joto kutoka kooni mpaka chini, utaapa umejikojolea. Hujajikojolea. Nakwambia leo kwa sababu ukishtuka pale mapigo yanapanda sekunde ile ile tunayopiga, na kidonge chote kimeenda na maji.

Ukimaliza amka taratibu, kidonge bado kiko kazini na kizunguzungu kipo, kunywa maji kama hujakatazwa, na kwenye boda siku hiyo kaa nyuma hata kama ni yako.