Muziki wa Vyumba Vyote Bila Kutegemea Intaneti

Anayetaka muziki mmoja usikike sebuleni, jikoni na chumbani kwa wakati mmoja atofautishe kwanza Wi-Fi na intaneti. Ruta iliyowashwa huunganisha vifaa vya nyumbani hata kama haina bando, hivyo intaneti ilipozimwa nchini Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, nyumba yenye nyimbo zilizohifadhiwa kwenye diski yake ingeweza kuendelea kuzisikiliza.

Tatizo ni kwamba mifumo kadhaa ya spika za Wi-Fi, Sonos ikiwemo, huhitaji intaneti inaposanidiwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akate intaneti mbele yako, azime spika zote na kuziwasha upya, kisha apige wimbo kutoka kwenye diski katika spika mbili kwa pamoja. Akikataa, duka si hilo pekee Kampala. Lyrion Music Server, programu ya bure inayoweza kuendeshwa na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, hupanga nyimbo zako na kuzipeleka kila chumba, ingawa usanidi wake unataka mtu mvumilivu.

Bluetooth ya kawaida siipendekezi, kwa kuwa kuta za matofali huidhoofisha upesi. Ikiwa nyumba bado inajengwa, pitisha nyaya za spika ukutani kabla ya plasta, kwani amplifaya iliyounganishwa kwa nyaya haihitaji ruta kabisa. Na kwa anayechagua Wi-Fi, ruta nayo iunganishwe kwenye betri ya akiba, maana umeme ukikatika, mtandao wa nyumbani hukatika pia.