Kijiti cha mshikaki kabla ya kumwagilia Adenia

Wenye Adenia globosa (mmea wenye bonge kubwa la shina) Dar, hasa kipindi cha masika: usimwagilie kwa kuangalia udongo wa juu. Chukua kijiti kikavu cha mshikaki, kizamishe pembeni mwa chungu (mbali na bonge la shina, usije ukatoboa mizizi) mpaka kiguse chini, kiache dakika 10, kisha kichomoe. Kikitoka na weusi wa unyevu au chembe za udongo, usimwagilie. Jua na upepo wa baharini hukausha juu haraka huku chini kumelowa, na bonge hili, linalokua taratibu mno, lina akiba yake ya maji. Huoza mapema kuliko linavyokufa kwa kiu.

Bonge likilegea, kijiti ndicho kinachoamua. Limelegea na kijiti kikavu: ni kiu, mwagilia. Limelegea na kijiti kimelowa: ni kuoza, ling'oe leo leo, kata palipooza mpaka ufikie nyama safi, liache kivulini likauke kidonda. Vaa glovu, maana mmea huu una sumu, ingawa ni ndugu wa pesheni.

Mbinu hii haifai kama umepanda kwenye kokoto tupu. Kijiti kitatoka kisafi kila mara. Hapo pima uzito wa chungu kwa mkono. Na kama chungu hakina tundu chini, kijiti hakisaidii kitu, hamisha mmea kwanza.