Ipua pasta ikiwa bado na kiini

Pima gramu 75 za pasta kavu kwa mtu mmoja, kisha anza kuionja dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kata kipande: ukiona kidoa cheupe katikati, kidogo kama ncha ya sindano, ipua. Hapo wanga bado umebanwa ndani ya wavu wa protini ya ngano, kwa hiyo mwili huumeng'enya polepole na sukari ya damu haipandi ghafla. Chuja papo hapo, maana ndani ya maji ya moto inaendelea kuiva, na ikirojeka faida hiyo hupungua. Ukila sahani mbili, pia hupati kitu: wanga umeshazidi. Pasta nyeupe ina nyuzinyuzi chache, hivyo ichanganye na mboga nyingi au maharage.