Kusoma utendi kwa sikio: somo la istilahi, kwa mifano ya Unyanyembe

Mwangaluka, ndugu zangu. Wiki hii watu watatu wameniomba orodha ya mbinu za utendi, yaani masimulizi marefu ya shujaa. Orodha hiyo imo kwenye kila daftari la kidato cha tano hapa Tabora: tashbihi (kufananisha kwa "kama"), sitiari (kufananisha bila "kama"), takriri (kurudia maneno), chuku (kutia chumvi). Mwanafunzi anaitaja yote bila kukwama, halafu ukimpa ubeti mmoja aonyeshe zilipo, kimya. Tendi zilitungwa zighaniwe mbele ya watu, na karibu kila mbinu iliyomo ilikuwa msaada kwa anayeghani au kwa anayesikiliza. Basi tuanze na sikio.

Hatua ya 1: Hesabu kwa mkono

Panga punje nane za karanga mezani. Soma mshororo, yaani mstari mmoja wa ubeti, polepole, na kila silabi sogeza punje moja. Nimetunga beti hizi juu ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, mtawala wa hapa Tabora aliyepigana na Wajerumani:

Isike bomani kwake
kakaa na watu wake
hataki jina lishuke
mbele ya hao wageni

Bunduki zikanguruma
udongo ukatetema
boma lake hakuhama
kasimama mlangoni

I-si-ke-bo-ma-ni-kwa-ke. Punje zimekwisha pamoja na mshororo: mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza inafunga kwa -ke, wa nne unatoka na -ni. Katika ubeti wa pili mitatu imehamia -ma, lakini wa nne umerudi palepale kwenye -ni. Hicho ndicho kina cha bahari, nacho hakibadiliki mpaka mwisho. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Mtu akiyabeba hayo kichwani, kile kina kinachorudi ndicho kinachompa nafasi ya kuvuta pumzi, na msikilizaji anajua ubeti umefungwa hata kama yuko nyuma kabisa ya baraza.

Tazama pia "kakaa". Kwa kawaida tungesema "akakaa", ila punje zingekuwa tisa. Nimekata silabi, na ukataji huo unaitwa inkisari. Ningerefusha neno ili kujaza, ingekuwa mazida.

Hatua ya 2: Ufunguzi

Tendi za pwani aghalabu huanza kwa kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, na mara nyingi mtunzi huagiza karatasi na wino. Homer wa Ugiriki alimwomba mungu wa kike wa ushairi amwimbie. Kazi ni kuwatuliza watu. Tusikae hapa.

Hatua ya 3: Hadithi inaanzia wapi?

Iliad ya Homer haianzi siku ya kwanza ya vita vya Troy. Inaanza mwaka wa kumi, kwa hasira ya shujaa Achilles. Huko ni kuanzia katikati, na yaliyotangulia huletwa baadaye kwa mbinu rejeshi. Nami nimeanza Januari 1893, Wajerumani wamekwisha kufika bomani. Ugomvi wa njia ya misafara ningeurudia mbele, pengine kwa mdomo wa mzee mmoja.

Hatua ya 4: Lakabu

Lakabu ni jina la sifa analopewa mtu. Hapa mkoa wetu umejaliwa. Mtawala wa Urambo alikuwa na jina lake, Mtyela Kasanda, lakini dunia inamjua kwa jina la vita, Mirambo, lenye maana ya maiti. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara aliyekuwa na makazi hapa Tabora, aliitwa Tippu Tip, na mwenyewe alieleza kuwa jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake. Yaani tanakali sauti, neno linaloiga mlio, imegeuka jina la mtu! Neno moja kama hilo linabeba sifa, hofu na historia kwa pamoja.

Lakabu pia hujaza mizani. Ndiyo maana Achilles anaitwa "mwenye mbio" hata akiwa ameketi.

Hatua ya 5: Tashbihi ya kitendi

"Walitoka kama nyuki" ni tashbihi ya kawaida, unaisoma na kupita. Ya kitendi hukaa:

Kama nyuki wa miombo mrina asali anapopuliza moshi mzingani, wanavyotoka weusi, wakajaa hewani, wengine wakaanguka majanini, wengine wakamfuata mtu hadi mtoni, ndivyo walivyotoka askari wa Isike.

Vita vimesimama kidogo na umeona msitu. Msikilizaji wa Sikonge ambaye hajawahi kuona vita anajua nyuki, basi sasa anajua na vita.

Hatua ya 6: Tafuta penye udhaifu

Fumo Liyongo, shujaa wa tendi za pwani, hakuna silaha inayomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikimwingia kitovuni, na siri hiyo inatolewa na mwanawe mwenyewe. Akishachomwa anakwenda kisimani, anapiga goti na kutega upinde, na hapo anafia. Watu wa mji wanaona kiu, lakini hawathubutu kusogea, wanadhani yu hai. Nimelisomea darasa tukio hilo miaka mingi na bado sauti hunikauka.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Nzega: Shikamoo mwalimu. Utendi na utenzi ni kitu kimoja?*

Marahaba. Wengi huyachanganya. Mimi hutumia utenzi kwa umbo lile la mishororo minne, na utendi kwa masimulizi marefu ya shujaa. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858. Umbo ni lilelile, ila hakuna shujaa anayekwenda vitani.

*Kutoka Urambo: "Bunduki zikanguruma" nimehesabu, napata kumi.*

Umeitenga n. "Ndu" ni silabi moja, na "ngu" vilevile. M ya "mlangoni" ndiyo inayosimama peke yake: m-la-ngo-ni. Rudia na karanga, usile kabla hujamaliza.

*Kutoka Igunga: Babu zetu walisimulia vita bila vina. Hizo si tendi?*

Ni tendi. Habari za mfalme Sundiata wa Mali zilihifadhiwa na manju, yaani waimbaji, kwa ala na sauti, bila vina vya kupangwa namna yetu. Tafuta lakabu, takriri, na majigambo, yaani pale shujaa anapojisifu kwa kinywa chake. Ukiwa na mzee nyumbani anayezijua habari hizo, mrekodi kwa simu jioni hii.

*Kutoka Tabora mjini: Mwalimu, Isike alishindwa. Anakuwaje shujaa wa utendi?*

Liyongo naye aliuawa, dada yangu. Utendi unauliza mtu alifikaje mwisho wake. Isike alipoona boma linatekwa, alilipua ghala la baruti mwenyewe akiwa humo:

Lango lilipovunjika
baruti ikalipuka
moshi juu ukafuka
naye yumo mle ndani

Ubeti unaofuata tungeni nyinyi, mniletee kabla ya Jumamosi. Kina cha bahari mnakijua.